Siku Bi Icih Alipoingia Majini

Kutoka Cimahi hadi kwenye chemchemi za maji ya moto, kule juu kwenye mashamba ya chai, ni saa moja na nusu tu kwa gari, lakini kwa namna Nining alivyofungasha ungedhani ukoo mzima unahama. Mikeka minne, sufuria la wali wa mchaichai, samaki wa chumvi, majani ya migomba ya kulia, na maharage ya jengkol ambayo hata ukiyafunga mifuko mitatu gari zima linajua kwa harufu kwamba yamo. Juu ya hayo yote, katika mfuko wake wenyewe, kulikuwa na pilipili nyekundu tatu, kitunguu kimoja na kijiti cha mwanzi.

Mfuko huo ulikuwa wa Bi Icih, wifi yake Nining, na ndiye aliyeupakata njia nzima.

"Wifi, hujaoga lakini, eh?" Nining aliuliza kutoka kiti cha mbele, kwa mara ya tatu.

"Nimetia udhu tu."

"Udhu si neno. Ila usijisahau ukajimwagia hata kopo moja. Leo wakwe wanakuja. Tone moja tu la mvua likiangukia chakula changu, nitazikwa hapo hapo."

Bi Icih aliukumbatia mfuko wake. Kila mtu pale Cimahi alijua mambo yalivyo: ukitaka mvua isinyeshe, unachoma pilipili na kitunguu kwenye kijiti, unakisimika ardhini, na aliyekisimika haogi mpaka shughuli iishe. Ustadhi wa mtaa alishasema huo ni ushirikina mtupu, halafu mke wake akaja kumwomba Bi Icih asimamie mbingu siku ya maulidi.

Yote yalianza miaka kumi na moja nyuma, kwenye tohara ya mtoto wa kaka yake. Mvua ilifika mpaka kwenye kona ya msikiti ikageuka. Bi Icih ndiye aliyekuwa amesimika kijiti, na tangu siku hiyo hajapumua. Ukoo ukienda kutembea, yeye yuko zamu. Pwani ameenda mara nne, na bahari anaijua kwa macho. Maporomoko ya maji amekaa mbele yake na nguo kavu, akilinda kandambili za watu. Na sasa magoti yake yalikuwa yakilia kila akiinuka, daktari wa zahanati amemwambia ayaloweke kwenye maji ya moto, na maji ya moto yenyewe ndiyo hayo wanayoyafuata. Aliyataka maji hayo mpaka akajionea aibu.

Walipofika, ukungu ulikuwa bado unajikokota juu ya michai. Wakwe walishawasili: mama yake Gilang, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kusikika ng'ambo, na Gilang mwenyewe, kijana anayemtaka Anis, binti wa Nining. Salamu zikachukua muda wake, mikono ikashikwa, magoti ya watu wote yakaulizwa hali isipokuwa ya Bi Icih. Kisha watu wakajitosa na nguo zao, Nining akashughulika na vyakula. Bi Icih akaenda nyuma ya kichaka, akasimika kijiti chake, akarudi kukaa mkekani katikati ya simu tisa na viatu jozi kumi na nne.

Mvuke ulikuwa ukipanda. Watu walikuwa wakisema "aaah" kwa sauti ambayo, kwa kweli, ingepaswa kupigwa marufuku mbele ya mtu mwenye magoti mabovu.

"Shangazi, maji matamu!" Anis alimpigia kelele.

"Nayaona, mwanangu. Nayaona."

Hapo ndipo alipomwona mzee mmoja wa upande wa wakwe, upande wa pili wa bustani, amechuchumaa chini ya mti wa maua, anafukuafukua kama kuku. Bi Icih akaacha viatu, akamwendea.

"Mzee, umepoteza kitu?"

Mzee akaruka, akaficha kitu kwa mguu. Akachelewa. Pilipili tatu, kitunguu kimoja, kijiti cha mwanzi.

"Mimi ni Ohim, babu mdogo wa Gilang," alisema kwa heshima ya mtu aliyefumaniwa. "Mama yake Gilang kaniambia nishike mvua, wenyeji wasije wakatuona watu wa mikosi."

"Basi kashike kwenu. Hapa ninayeshika ni mimi."

"Wewe?" Mang Ohim, yaani Mjomba Ohim kwa lugha ya kwao, alimtazama kutoka kilemba hadi kandambili. "Na lile wingu jeusi kule mlimani umelishika wewe?"

"Lile ni lako. Langu nimeshalifukuza."

Wakabishana hivyo kitambo kizuri. Kila mmoja alikuwa na orodha ya harusi alizozikausha, na hakuna aliyekubali kushindwa kwa harusi hata moja. Halafu Bi Icih akaiacha orodha yake njiani. Alikuwa amepigwa na wazo, na wazo lenyewe lilikuwa tamu kiasi cha kumtia kizunguzungu.

"Mzee. Mvua ni moja."

"Ndiyo."

"Na sisi ni wawili."

Mang Ohim akageuka, akayatazama maji. Naye alikuwa na kiuno kinachomuuma.

Wakaamua kwa vidole, kama watoto wote wa nchi yao ya Pasundan wanavyoamua: gumba ni tembo, kidole cha shahada ni mtu, kidole cha mwisho ni sisimizi. Tembo humkanyaga mtu, mtu humkanyaga sisimizi, sisimizi humwingia tembo sikioni akamtia wazimu. Mang Ohim alitoa tembo. Bi Icih alitoa sisimizi.

"Hiyo haikuwa ya kweli, nilikuwa natega tu," alisema mzee. Wakarudia. Akatoa tembo tena.

"Wanaume bwana," alisema Bi Icih, na alikuwa ameshavua kandambili.

Walipatana nusu saa kwa nusu saa, kwa kufuata saa ya ukutani pale getini. Ili asionekane, Bi Icih alizungukia kwenye kidimbwi kidogo cha juu, nyuma ya mawe, ambako ukoo haukufika. Akatia mguu mmoja. Akatazama mbinguni. Kimya. Akatia wa pili. Akakaa. Maji yakampanda mpaka kifuani, moto wake ukaingia kwenye magoti, ukayafungua kama mtu anayefungua fundo kwa subira, na Bi Icih akatoa "aaah" moja kubwa ya miaka kumi na moja. Alifurahi. Alifurahi mpaka akacheka peke yake, akasahau saa, wakwe, wali na dunia.

"Mama! Huoni haya?" Mang Ohim alikuwa juu ya jiwe, suruali ameikunja magotini. "Saa nzima!"

"Dakika tano tu, mzee wangu."

"Hizo tano zako zimeshazaa na kupata wajukuu. Toka!"

"Natoka. Magoti ndiyo hayataki."

Mzee akasubiri. Akameza mate. Mvuke ukampuliza usoni. Mwishowe akaingia na hasira zake zote, chubwi, na hasira zikamwishia majini.

Ikapita dakika nzima kabla hawajagundua walichokifanya. Wote wawili wamo. Mbingu haina mlinzi.

Wakainua nyuso taratibu. Lile wingu jeusi la mlimani lilikuwa limeng'oka na linakuja, limevimba kwelikweli. Likafika juu yao. Bi Icih akafumba macho akaanza kuomba radhi kwa wafu na walio hai. Wingu likapita zake, na jua likatoka kali mpaka mawe yakaanza kukauka.

"Hainyeshi," alinong'ona Mang Ohim.

"Ngoja."

Wakangoja. Kipepeo akapita.

"Haitanyesha, mama."

"Nyesha basi!" Bi Icih aliifokea mbingu, na machozi yakamtoka bila kutarajia. "Hata tone! Hata la kunidanganya! Bahari mara nne nimeikalia pale mchangani kama gunia la mihogo, kwa ajili ya nini?"

"Wewe una nafuu," alisema mzee kwa sauti ya chini. "Mimi niliishika mvua ya harusi yangu mwenyewe. Sikuoga. Mke wangu alinikumbusha mpaka anakufa."

Bi Icih alitaka kumpa pole, lakini kicheko kikamtangulia. Mzee naye akacheka. Walicheka kwa kelele, na kelele ndizo zilizomleta Nining.

"Wifi!"

Nyuma yake walikuwa wameongozana kaka yake Bi Icih, Anis, Gilang na mama yake Gilang, wote wanachuruzika maji, wamekuja kuwaita kula.

"Wifi, uko majini! Unataka kuniua? Mbele ya wakwe?"

"Niko majini," alisema Bi Icih, na akajisikia mwepesi ajabu kulisema. "Tangu saa nne."

"Na wewe mjomba?" aliuliza mama yake Gilang.

Mang Ohim akajizamisha kidogo.

Watu wote wakatazama juu. Anga lilikuwa jeupe kama sahani iliyooshwa. Mama yake Gilang akakunja uso, akafikiri, na wazo lilipomfika likamwangaza mzima.

"Sasa kama hawa wawili wameoga, mvua kaishika nani? Nani hajaoga hapa?"

Kila mmoja akamtazama mwenzake. Nguo zinadondosha maji, nywele zinadondosha maji. Kisha macho yote, moja baada ya jingine, yakatua kwa Nining, mkavu tangu kisigino mpaka utosini, kope zake za kubandika zimesimama wima.

"Mkwe! Kumbe ni wewe!" Mama yake Gilang alimshika mikono yote miwili. "Umekaa kimya tu! Mtu wa namna hii ndiye ninayemtaka kwenye ukoo wangu. Harusi iwe mwezi ujao, na mvua ni kazi yako. Na baada ya harusi tunakwenda baharini wote!"

Anis alipiga yowe la furaha, akamrukia Gilang. Nining akafungua mdomo. Aseme nini? Kwamba hakuingia majini kwa kuogopa gundi ya kope? Na harusi ndiyo hiyo imeshatajwa?

"Ah," alisema, akitabasamu kama mtu aliyekanyagwa kidole mbele ya wageni. "Ni kipaji kidogo tu."

Wakaondoka naye wakimsifu kuelekea kwenye majani ya migomba, na mama yake Gilang akawa anamhesabia sherehe za mwaka mzima. Nyuma ya mawe pakatulia.

"Mama," alisema Mang Ohim, "hutamwambia kwamba haya mambo hayana lolote?"

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Nikishakauka," alisema Bi Icih, na akajizamisha mpaka kidevuni.