Alama Tisa Kitakoni mwa Birika

Karakana ile ilitengeneza mabirika ya umeme, na mwenyewe aliitwa Medali. Jina hilo alipachikwa na dada yake mkubwa, ambaye karakana nzima ilimwita Shangazi, aliyeshika kazi ya vibandiko. Kila nchi waliyoiuzia ilikuwa na alama yake ya usalama, na kila alama aliyoipata Medali aliitundika kitakoni mwa birika kama askari na nishani zake. Kuongeza alijua, kupunguza, hata kwa dawa.

Safari hii walikuwa na oda ya mabirika madogo mia sita, ya vikombe viwili, mpini wa buluu. Kitako chenyewe kama kisosi, alama tisa! Onyo la kutotumbukiza birika majini likabanwa pembeni, herufi kama mayai ya chawa.

Mkaguzi alipokuja akaligeuza birika, akalisogeza dirishani, akavua miwani, akaivaa tena.

"Hapa mmewaandikia sisimizi? Mtu asiposoma hili atalitosa kwenye beseni la vyombo, umeme umrushe. Narudi kesho saa nne. Nisiposoma kwa macho yangu matupu, hayatoki hapa hata moja."

Akaondoka. Medali akashika kiuno. Kontena lilikuwa linafungwa kesho hiyohiyo jioni, na mnunuzi alishasema hangojei.

"Dada, alama tuzihamishie kwenye kifuniko."

"Mvuke utazibandua kabla chai haijaiva. Niletee faili."

Shangazi akavuta kiti, akafuta miwani kwa upindo wa kanga, akaanza na ya kwanza.

"Hii ya pembetatu nani anaidai?"

"Wale wa kisiwani."

"Si waliacha kununua miaka minne sasa?"

"Watarudi."

"Wakirudi nitaibandika kwa mkono wangu. Na hizi mbili? Hizi ni za waya, na mwenye waya keshazipiga kwenye waya wake. Wewe ukivaa kofia mbili, jua linakuogopa zaidi?"

Medali akacheka bila kupenda.

"Hii nyota je, ya nchi gani?"

Medali akatazama dari.

"Mdogo wangu, nakuuliza."

"Hiyo... niliichora mwenyewe. Niliona panapwaya."

Shangazi alicheka mpaka akashika meza. Alipofungua barua ya maabara iliyoyapima mabirika, akakuta ina tundu katikati, duara safi la mkasi. Medali alikuwa amekata alama ili aikuze kwenye mashine, na maneno ya upande wa pili wa karatasi yakaenda nayo. Yaliyobaki yalisema nchi tatu jirani zimekubaliana kupokea kipimo kimoja na alama... halafu tundu.

Shangazi hakutaka kubahatisha. Akapiga simu maabara, akasubiri muziki wao umalizike mara tatu, akapata jibu: alama moja yatosha kwa zote tatu, tangu mwaka juzi.

"Zimebaki tatu," akasema. "Onyo sasa litapata nafasi. Washa mashine ya vibandiko."

Mchana kutwa watu wote wa karakana walibandua vibandiko kwa vitambaa vya maji ya moto, wakabandika vipya. Medali naye alibandua, ila kila nyota ilipotoka alishusha pumzi.

"Mfiwa," fundi mmoja akamtania, "pole."

Kesho yake saa nne mkaguzi akatwaa birika la juu kabisa, akavua miwani, akanyoosha mkono.

"Usitumbukize majini. Chomoa kabla ya kusafisha." Akalirudisha, akachukua jingine kutoka boksi la chini, akalisoma pia. Kisha akatoa kalamu. "Hapa sasa mnaongea na watu."

Akasaini karatasi akaaga. Medali akaligeuza birika, akakitazama kitako chake kilivyo cheupe.

"Dada, hapa katikati pamebaki nafasi."

"Naiona."

"Padogo tu..."

"Shika boksi hilo, baba, gari linangoja."

Akalishika.