Kitanda cha Sita

Mwaka 1952 niliwania ile kadi ambayo Wazungu walimpa Mwafrika waliyemwona amestaarabika. Nilikuwa karani, na kadi ingenipandisha cheo. Kabla ya kuitoa, tume ilikuja nyumbani kukagua shuka, choo, hata uma. Mimi nilikuwa na uma mbili tu, kwa hiyo niliazima za Constantin, jirani yetu hapa mtaani Kamalondo. Yeye naye angekaguliwa baada yangu, tukapatana zimrudie kwa kupitishwa juu ya ua uliotutenganisha. Ustaarabu wetu huo!

Uma zilikuwa jambo dogo. Jambo kubwa lilikuwa Yaya Delphine, dada yangu mkubwa. Mama alipofariki ndiye aliyenilea, akanisomesha kwa kufulia watu nguo. Tangu amzike mtoto wake wa pekee, akili zilimruka. Aliongea peke yake, alicheka msibani, nami nikamwonea haya. Asubuhi ile nilimwingiza katika jiko la uani, nikapiga kufuli.

"Anaclet, haiko muzuri," mke wangu Wivine aliniambia. "Iko yaya yako."

"Nyamaza. Unataka baninyime kadi?"

Walikuja wawili, ofisa na daktari. Ofisa alikagua uma moja moja, akaridhika. Daktari hakuzitazama. Aliniambia kwa Kifaransa kwamba amefungua chumba cha wagonjwa wa akili, kisicho na minyororo wala kufuli, na kwamba kila mgonjwa alitakiwa kuja na ndugu wa kueleza alivyokuwa kabla hajaugua. Vitanda vilikuwa sita, na vitano vimeshapata watu.

"Hujui familia yenye mgonjwa wa namna hiyo, Bwana Anaclet?"

Kitanda kilikuwa kinamngoja dada yangu, naye alikuwa hatua kumi kutoka pale tulipokaa.

"Hapana, Daktari. Kwetu sisi tuliosoma hakuna mambo hayo."

Wala ulimi haukusita. Walipotoka, Wivine alipitisha uma juu ya ua bila kunitazama. Nikaenda jikoni, nikafungua kufuli. Yaya alikuwa amejikunyata karibu na makaa baridi, amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Bageni banaenda?" alinong'ona. "Nilinyamaza muzuri, Anaclet? Batakupa karatasi yako?"

Aibu ilinishika, nikakosa pa kuangalia. Nilikimbia hadi kwa Constantin, nikaingia bila hodi. Ofisa alikuwa ameshika uma zile zile.

"Daktari, nilikudanganya," nilisema. "Kile kitanda ni cha dada yangu. Nimemfungia jikoni asubuhi nzima."

Constantin aliinamisha kichwa. Ofisa alifunga daftari lake. Daktari hakunigombeza, aliuliza tu: "Dada yako anapenda nini?"

Miaka saba alikuwa akiumwa nyumbani kwangu, na sikuwahi kumwuliza. Daktari akatazama nyuma yangu. Yaya alikuwa amenifuata, miguu mitupu, amesimama kizingitini.

"Mama, unapenda nini?" alimwuliza kwa Kiswahili chake cha kubahatisha.

Yaya alinitazama kwanza, kama anayeomba ruhusa.

"Kuikala ku mulango," alisema. "Kuona bantu banapita."

Kufuli lilikuwa bado mkononi mwangu.