Sensa ya Mama Mkwe

Gari lilivutwa kwa kamba hadi gereji, likiwa bado linafuka mvuke. Mama mkwe wa fundi akashuka akiomba radhi.

"Nisamehe mwanangu, labda nimeliendesha vibaya. Ila ile taa ya joto haijawaka tena tangu uitengeneze."

Fundi alitamani ardhi impasukie. Taa hakuitengeneza, aliiziba mdomo! Sensa ya joto, kile kipima joto cha injini, ilikuwa imekufa, naye kwa uvivu wa kutafuta nyingine akapachika kidude cha umeme cha kuiambia kontroli boksi, ule ubongo wa gari, kila saa kwamba joto la injini ni la kawaida. Boksi halina macho, huamini linaloambiwa. Likaamini. Halikuwasha feni wala taa, na injini ikachemka mpaka ikaungua. Mficha maradhi kifo humuumbua, na leo kimemuumbua mbele ya mkwe.

"Si ulipime na ile mashine yako?" mama akasema. "Ile haidanganyi."

Fundi akachomeka waya wa mashine ya kupimia hitilafu. Mvuke ukiwa unampiga usoni, kioo kikaandika: joto la kawaida, hakuna hitilafu.

"Inasemaje, mwanangu?"

"Inasema nilichoifundisha mimi, mama."