Kigae Unyayoni

Bosko, mbwa wa Mburu, hakuwahi kumruhusu Wangeci, mke wa Mburu, amguse. Lakini asubuhi hiyo Mburu alikuwa kiwandani Thika, na mbwa alirudi nyumbani kwao Ruiru akichechemea, kigae cha chupa kimemdunga unyayoni.

"Tulia, Bosko," Wangeci alimsihi, akimwosha mguu kwa maji vuguvugu ya chumvi. Mbwa alinguruma. Wangeci alipokishika kigae kwa kibano, Bosko akamdaka mkono kwa meno.

"Ngai! Mungu wangu!" alinong'ona. Hakujinasua. Alivuta polepole mpaka kigae kikatoka kizima.

Meno yakamwachia bila kumchubua. Alikandamiza kitambaa safi kwenye jeraha la mbwa hadi damu ikakoma, akafunga bendeji, kisha akaketi sakafuni. Bosko akamlalia mapajani.