Gari Lililorudi Nyuma Lenyewe

Harish alikuwa fundi saa kwa miaka arobaini, kwanza Tabora, halafu ughaibuni, Hounslow, na katika miaka yote hiyo mikono yake haikumwangusha hata siku moja. Ndiyo maana ile Jumamosi ya Mei mwaka 1998, gari lake lilipovuka barabara kinyumenyume bila mtu ndani, hakuna aliyeshtuka kuliko yeye mwenyewe.

Lilikuwa gari la Kimarekani la mwaka 1969, milango miwili, boneti ndefu kama kitanda, injini ya silinda nane iliyonguruma hadi vikombe vikatikisika kabatini. Alilinunua alipostaafu. Asubuhi hiyo alikuwa anarudi kutoka kutia petroli. Alisimama mbele ya geti lake, akaweka gia kwenye P, ile ya kuegesha, akashuka kwenda kufungua geti, injini ikiwaka. Mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye komeo aliposikia injini inabadilisha sauti. Alipogeuka, gari lilikuwa linaondoka, polepole, kama mtu anayejua anakokwenda. Alilikimbilia, hakulipata. Liliangusha ukuta wa matofali wa jirani yao wa ng'ambo, Jane, mama wa miaka sabini na tatu. Jane alikuwa akipogoa mawaridi yake pale pale ukutani, na dakika moja tu kabla ya hapo alikuwa ameingia ndani kupokea simu.

"Baba, uliweka R ya kurudi nyuma ukidhani ni P," mwanawe Keyur alimwambia kwa Kiingereza kwenye simu, kutoka Leicester. "Umri ndivyo ulivyo."

Harish hakubisha. Baba yake mzazi alianza kwa kuweka funguo ndani ya kopo la sukari, akaishia kuwaita watoto wake "wageni". Lata, mkewe, alichukua ufunguo wa gari, akautia kwenye mkoba wake. Akampangia pia miadi na daktari wa kumbukumbu.

Wiki tatu zilizofuata zilikuwa ndefu. Kila alfajiri Harish alilala macho wazi akijitungia mtihani: maduka ya mtaa wao wa Tabora, moja baada ya jingine, kutoka kwa fundi viatu hadi kwa muuza mafuta ya taa. Akikwama kwenye jina moja, anaanza upya. Mwishowe akaandika tangazo la kuuza gari.

Aliyepiga simu alikuwa mtu mwenye sauti nzito, akizungumza Kiingereza cha kutafutatafuta. Lata akamwita Harish kutoka jikoni, na Harish akajibu kama alivyozoea tangu utotoni, "Ngoja kidogo!"

Upande wa pili kikasikika kicheko. "Ee, mzee! Wewe unasema Kiswahili?"

Aliitwa Kizito, mtu wa Bukavu, fundi wa giaboksi za otomatiki katika gereji moja Barking, upande wa pili wa jiji. Bosi wake alikuwa akitafuta magari ya aina hiyo. Jumapili alikuja moja kwa moja kutoka kanisani, amevaa suti, ovaroli imekunjwa vizuri ndani ya mfuko wa plastiki. Lata akampa ufunguo, na wanaume hao wawili wakazunguka na gari hadi kwenye uwanja wa kriketi na kurudi, Kizito akiendesha.

"Vitesi ya pili inachelewa," alisema, akigusa mkono wa gia. "Unasikia? Injini inapiga kelele kwanza, ndipo gia inashika."

"Nilidhani magari ya zamani ndivyo yalivyo."

"Hapana, papa," Kizito alisema, akimwita baba kwa namna ya kwao. "Hii imechoka tu. Na kwa nini unaiuza?"

Harish hakuwa amemsimulia mtu yeyote wa nje. Labda ni kwa sababu ya lugha, labda kwa sababu Kizito alikuwa ameshazima injini na kuegemea kiti kama mtu mwenye muda. Alimweleza yote, geti, ukuta, Jane na mawaridi yake. Hata habari za baba yake alizitaja.

Kizito alitazama mkono wa gia. "Uko na hakika ni wewe ulikosea?"

"Nani mwingine?"

"Gari."

Akavaa ovaroli, akatandika kadibodi, akaingia chini. Alipotoka, mashavu yake yalikuwa na vumbi na alikuwa hacheki. Akaweka magogo mawili nyuma ya matairi, akawasha injini, akasukuma gia mwenyewe hadi kwenye P, taratibu, mbele ya macho ya Harish. Akashuka.

"Usiguse kitu. Tungoje."

Wakangoja. Injini ilinguruma, gari likitetemeka kidogo kama kawaida yake. Nusu dakika ikapita. Harish alikuwa anataka kusema kwamba basi imetosha, ndipo kitu kikagonga "kta!" chini ya gari, na gari lote likaruka nyuma na kukwama kwenye magogo. Ndani, mkono wa gia ulionyesha P, palepale ulipoachwa.

Kizito alizima, akamwonyesha Harish kwa tochi. Mkono wa gia haushiki giaboksi, alimwambia. Unavuta fimbo tu, na fimbo ndiyo inayogeuza vali ya kugawa oili kule ndani. Kwenye kiungo cha fimbo palikuwa na bushi, kipete kidogo cha kuzuia vyuma visicheze. Kilikuwa kimelika hadi kubaki ganda. Juu dereva anaona P, lakini chini vali imesimama katikati, kijino cha kufunga magurudumu hakijaingia, na mtetemo kidogo tu unaitelezesha hadi kwenye R.

Harish hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Bushi zilizolika ndani ya saa ndizo zilizomlisha maisha yake yote. Kizito alipokichomoa kile kipete, Harish alikishika kati ya vidole viwili, akakigeuza kwenye mwanga. Kisha akaketi kwenye ukingo wa barabara na kulia, akicheka.

Lata aliyeona kutoka dirishani alitoka mbio, kandambili miguuni. "Amekufanya nini?"

"Hakunifanya kitu. Niliweka P, Lata. Niliweka P!"

"Ila hendibreki hukuvuta, papa," Kizito alisema kwa upole. "Hiyo moja ni yako."

"Hiyo naipokea," alisema Harish. Kosa moja la uzembe lilikuwa jepesi kama unyoya ukililinganisha na mzigo aliokuwa ameubeba.

Lata alichukua ufunguo kwa Kizito, akamtia Harish mkononi. "Nilikunyang'anya kama mtoto," alisema.

"Hata mimi ningejinyang'anya."

Gari halikuuzwa. Lilikaa Barking siku nne, na Harish alikwenda kila siku kwa treni kutazama. Kizito aliondoa fimbo ile ya kale, akaweka kebo na mkono mpya wa gia wenye nafasi zinazobana kila hatua, usioteleza hovyo. Halafu akafungua sehemu ya vali, akabadilisha springi ili oili ifike upesi na kwa nguvu. Harish alikishika kile kipande cha chuma chenye vijia vingi vilivyopindana kwa mpango, akakiangalia kwa miwani yake ya kazi. Tangu aache duka lake la saa hakuwa amekutana na kitu kilichotengenezwa kwa akili namna hiyo.

Kwa daktari alikwenda vilevile, kwa hiari yake. Alijibu yote, akasahau jina la daktari tu. Na Jane, alipoelezwa habari ya bushi, alikaribia kumkumbatia. Wiki zote hizo Jane alikuwa akiona haya kumkaribisha Harish chai, asije akadhani anadai ukuta.

Jumapili ya mwisho ya Juni, Harish na Lata walishika njia ya Windsor. Kwenye barabara kuu alikanyaga mafuta, akangoja ule mguno wa zamani. Haukuja. Gia ya pili ilishika papo hapo, ikawasukuma mgongoni, halafu ya tatu, safi.

"Umesikia?" aliuliza.

Lata alikuwa amelala, kichwa kimeegemea kioo, mdomo wazi kidogo. Kwa wiki kadhaa hakuwa amelala vizuri hata yeye. Harish alipunguza sauti ya redio, akaendelea na safari.