Taa za Merv

"Nani anaunga mkono?" Des, mwenyekiti, aliuliza huku kalamu ikisubiri juu ya daftari la kikao. Wanachama tisa wa klabu ya matufe ya Tarrabeg, wachezao kwa kuviringisha mipira mizito nyasini, wakaanza kukoroga chai iliyokwisha kupoa, kila mmoja akiyakwepa macho ya Glenys.

Aliwaelewa. Hoja ya Tamsin, binti wa idara ya hifadhi, ilikuwa nyepesi: taa nane nyeupe za uwanjani zing'olewe, ziwekwe za manjano zenye vifuniko, zimulike nyasi badala ya anga. Na mwezi wa Oktoba, nondo wa bogong, vipepeo wale wa usiku, wanapopita kwenda milimani, zizimwe kabisa. Tabu ni kwamba taa zile zilikuwa za Merv. Marehemu alikaanga soseji za kuuza kila Jumamosi kwa miaka kumi na mmoja mpaka zikapatikana. Nani angethubutu kuzigusa mbele ya Glenys, mjane wake?

"Nondo hawafiki milimani," Tamsin alisema taratibu. "Wanazunguka taa mpaka nguvu zinawaishia. Kule kuna wanyama wadogo wa kwenye mawe wanaowala; wakiamka baada ya kulala majira yote ya baridi, wana njaa ya miezi na hawakuti chakula. Mwaka juzi niliokota mama amekufa, na watoto wanne kwenye mfuko wa ngozi tumboni mwake."

"Si tuwapelekee keki," Des akatania. Hakuna aliyecheka.

Miaka ile ya mwanzo ya taa, Glenys alikuwa akizoa nondo waliokufa kwa koleo, ndoo nne kila asubuhi, na Merv akimwita malkia wa nondo. Walicheka mpaka mbavu zikauma. Msimu uliopita alifagia nondo saba tu, akajiambia ni ukame. Sasa aliona aibu, tena alimkasirikia Merv, na hilo likamuuma zaidi kwa kuwa mwenyewe hayupo kujitetea.

"Mimi naunga mkono," alisema.

Des akaweka kalamu chini. "Glenys, dada yangu, una hakika? Merv angesemaje?"

"Angenuna siku mbili. Ya tatu angekuja kwako kuazima ngazi."

Hapo wakacheka wote, na Des akafuta macho kwa kiganja. Akaanza kuandika.

"Usiandike Glenys," alimkatiza. "Andika Bi. Mervyn Tully, kwa jina la mume wangu. Nataka naye awemo."