Kichwa cha Wifi Mapajani

...maana joto hili si la kusukia nywele, ni la kujilaza sakafuni kama paka, na mkono wake wa kulia, huu ambao mtaa mzima unausifu, umeganda juu ya kichwa cha wifi yake, hauendi mbele wala haurudi nyuma, umeme umekatika tangu asubuhi, pangaboi limeduwaa tu pale darini, na ndoa ni kesho, kesho jamani, na ni yeye mwenyewe aliyejitia kimbelembele mbele ya ukoo akasema bibi harusi niachieni mimi, nitamsuka mtindo ambao hamjawahi kuuona, haya sasa, mtindo wenyewe uko wapi... "Wifi, umelala?" Amelala fofofo, kajikunja kwenye mkeka, shavu limezama kwenye paja la msusi, mdomo wazi, udenda unaanza safari, bibi harusi wa watu huyo... na njia zilizosukwa ni mbili tu, zote zimekimbilia kisogoni moja kwa moja, twende kilioni hiyo, kila mtoto wa shule anayo, sasa amtoe bibi harusi na twende kilioni? Watu watasema nini, watasema msusi kaishiwa, na huenda ni kweli kaishiwa, hutokea, yule mshonaji wa pale kona si alikuwa anashona magauni watu wanasimama njiani kuyatazama, leo anapinda mashuka... "Joto likizidi usishindane nalo, mama watoto," mumewe alimwambia asubuhi akitoka, "kaa utulie, akili itakuja yenyewe," mwanamume asiyejua hata kuchana ndevu zake, na sasa ametulia, ametulia mpaka mguu umekufa ganzi, akili haijaja, kilichokuja ni jasho... apanguse shingo ya wifi, taratibu, asiamke, shingo hii, ewe shingo, ilivyokuwa ikimgeukia kwa maringo siku zile, bibi harusi alikuwa yeye, mgeni nyumbani kwao, na wifi akaonja mchuzi wake, akaweka kijiko chini, akamtazama kaka yake kwa huruma, "Pole, kaka, utazoea," nyumba nzima ikaangua kicheko, na tangu siku hiyo jina lake likawa Bi Chumvi, akalia chooni, akaapa kumchukia mpaka kiama... kiama chenyewe hakikuchelewa, akajifungua mtoto wa kwanza, homa ikamlaza, na nani alitokea mlangoni na begi bila kuitwa? Akafua nepi, akamwogesha, akamlisha uji kijiko kwa kijiko huku akimsema, "Amka basi, Bi Chumvi, nimechoka kula mapishi yangu mwenyewe"... wee, usicheke, utamwamsha... na kesho kutwa anapanda basi na mumewe, anakwenda kuishi huko mbali, na huko nani atamsuka, nani anajua kwamba nyuma ya sikio la kushoto akivutwa kidogo tu anapiga mtu kofi... Chanuo likamponyoka. Kumbe. Kumbe si joto, joto lipo, lakini jana alisuka vichwa vya watu kwenye joto hilihili na vidole vikaenda kama cherehani, mkono hauogopi joto, unaogopa kumaliza, maana akimaliza kichwa hiki kitainuka pajani, kitajitazama kwenye kioo, kitaondoka... anampenda, ndiyo hivyo, anampenda kuliko dada zake wa kuzaliwa, wasimsikie, na macho yanamwasha na wala si jasho... basi nani kasema lazima njia zikimbilie kisogoni? Zina haraka gani? Ianzie hapa, juu ya sikio, njia moja tu, nyembamba, ipite juu ya paji, ishuke, izunguke, irudi ndani tena, isikatike popote mpaka ifike utosini, kazi ya mpaka jua lizame, hakuna msusi mwenye akili timamu angeianza siku kama ya leo, ndiyo maana hakuna aliyewahi kuiona... na kidole chake kinaichora kwenye nywele, hakisuki bado, kinapapasa tu, polepole, kama mtu aliyepewa mchana mzima bure.

"Wifi..." sauti ya usingizi kutoka pajani, "umemaliza?"

"Bado," akamjibu, "bado sana, we lala," na kichwa kikarudi kizito palepale, joto lilelile, naye akakiacha kilale.